Dema la kidijitali: kwa nini kuacha programu ni kazi kuliko kuianza

Juzi nilikaa kitako kujiondoa kwenye programu moja ya mazoezi ya mwili. Nilikuwa nimejiunga nayo miezi minne kabla, kwa ahadi ya siku saba za majaribio bila malipo, na kujiunga kwenyewe hakukufika dakika mbili: barua pepe, namba ya kadi, kitufe kimoja kikubwa cha kijani, kwisha. Kutoka kulinichukua dakika 23.

Nilianza kwenye mipangilio. Chini ya "Akaunti" kulikuwa na wasifu, faragha, malipo na msaada. Neno la kuacha halikuwepo popote. Kwenye "Malipo" niliweza kubadilisha kadi, basi. Nikaingia "Msaada", nikatafuta, nikakuta maelezo mafupi kwamba huduma haisitishwi ndani ya programu ila kwenye tovuti. Tovuti ikataka nenosiri ambalo sikuwa nimeliandika tena tangu siku ya kwanza. Nilipoingia hatimaye, njia ya kutokea ilikuwa mstari mmoja wa maandishi ya kijivu, chini kabisa ya ukurasa, chini hata ya tangazo la mpango wa mwaka mzima. Nikagusa. Skrini ya kwanza ikaniambia nitapoteza rekodi ya siku zangu 112. Ya pili ikaniuliza sababu, na kila sababu niliyoigusa ikafungua ofa yake. Ya tatu ikanipunguzia bei kwa nusu. Ya nne ikaniomba nipumzike kwa muda tu, nisiondoke. Ya tano, niliyodhani ndiyo ya mwisho, ilikuwa na swali na vitufe viwili. Swali: "Una uhakika unataka kughairi mpango wako?" Vitufe: "Ghairi" na "Endelea".

Nikagusa "Ghairi". Ningegusa nini kingine? Ikanirudisha mwanzo kabisa, pamoja na ujumbe wa kunishukuru kwa kubaki. "Ghairi" ya pale ilikuwa na maana ya kughairi kule kughairi kwangu.

Ninasimulia haya kwa sababu ya kilichonipata baada ya kumaliza. Nilijilaumu. Nilijiona mzembe, niliyesahau kujitoa siku ya saba na kushindwa hata kuelewa vitufe viwili. Na nimewasikia watu wengi wakijilaumu vivyo hivyo: "sina nidhamu", "mimi na simu hatuachani", "nimejaribu kuiacha nimeshindwa". Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba sehemu kubwa ya ugumu huo haitoki kwetu. Umejengwa, umepimwa, na kuna watu wanaolipwa mishahara kuuongeza kidogo kidogo. Ukishajua umejengwaje, unajua pia upi unaweza kuufungua peke yako, upi unahitaji sheria, na upi hautafunguka mpaka watu waondoke pamoja.

Kuondoka kupi?

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "nimeifuta programu" kwa mambo matatu tofauti kabisa, na mkanganyiko huo peke yake unawagharimu watu fedha nyingi.

La kwanza ni kuiondoa kwenye simu. Unabonyeza alama yake, unathibitisha, imetoweka. Hapo umefuta nakala iliyokuwa kwenye kifaa chako, basi. Akaunti yako bado iko kwenye kompyuta za kampuni, taarifa zako ziko palepale, na kama ulikuwa unalipa, unaendelea kulipa. Wapo wanaokatwa mwaka mzima kwa programu ambayo haipo hata kwenye simu zao, na kwa kuwa haipo, hakuna kinachowakumbusha.

La pili ni kusitisha malipo, na hapa kanuni ni moja: mkataba unavunjwa pale ulipofungiwa. Kama ulijisajili kupitia duka la programu la Apple au la Google, basi makato yanasimamiwa na duka. Unaingia kwenye orodha ya usajili wako ndani ya duka hilo na kusitisha huko, hata kama programu yenyewe haikuonyeshi njia. Kama uliandika namba ya kadi moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni, duka halijui lolote, na utazunguka bure ukilitafuta jibu humo. Tena kuna saa ya kuangalia: Apple inataka usitishe angalau saa 24 kabla ya kipindi kuisha. Anayengoja jioni ya siku ya mwisho ya majaribio ameshachelewa.

La tatu ni kufuta akaunti yenyewe, na humo ndani mna migawanyiko mingine. Facebook ina kuzima akaunti na ina kuifuta. Ukiizima, wasifu wako unafichwa, lakini kila kitu kinahifadhiwa kikikusubiri. Ukiomba kuifuta, unapewa siku 30 za kufikiri upya. Zamani zilikuwa 14, zikaongezwa mwaka 2018. Ukiingia ndani ya siku hizo na kuchagua kubaki, ombi lako limekufa. Zikipita, inaweza kuchukua hadi siku 90 kuondoa ulichokiweka. Na kama kwa miaka mingi umekuwa ukiingia kwenye huduma nyingine kwa kubofya "Ingia kwa kutumia Facebook", ujue kwamba ufunguo wa milango hiyo yote ni huohuo mmoja unaotaka kuutupa.

Mambo haya matatu hayabebani. Kufuta akaunti si lazima kusitishe makato ya dukani. Kusitisha makato hakufuti akaunti. Na kuiondoa programu kwenye simu hakufanyi kimojawapo.

Kwa muda mrefu hilo la tatu halikuwa na kitufe kabisa katika programu nyingi. Ulikuwa unafungua akaunti ndani ya programu, lakini kuifunga ukaandike barua pepe na kungoja hisani ya mtu. Mnamo Juni 30, 2022, Apple ilianza kutekeleza sharti kwamba programu yoyote inayomruhusu mtu kufungua akaunti ndani yake imruhusu pia kuianzisha safari ya kuifuta humohumo. Google ikatangaza sharti linalofanana na hilo Aprili 2023. Lakini ufundi wa kufunga watu ni mpana. Miezi mitatu baadaye, Julai 2023, Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, ilizindua Threads, mtandao wake wa kijamii wa ujumbe mfupi, na watu walioingia kwa wingi siku za mwanzo wakagundua kwamba wasifu wao wa Threads hauwezi kufutwa bila kufuta akaunti nzima ya Instagram: picha, marafiki na mazungumzo ya miaka. Ilichukua mpaka Novemba ya mwaka ule kamba hiyo kufunguliwa.

Mdomo mpana kwa nje

Mvuvi anayetega dema hamlazimishi samaki kuingia. Mdomo wa dema ni mpana upande wa nje na unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyoelekea ndani. Samaki anayeingia hupita bila kugusa kitu. Anayetaka kutoka hupapasa kuta zote asiuone mlango, ilhali mlango upo. Hakuna aliyeufunga.

Mwaka 2010 Mwingereza mmoja, Harry Brignull, msanifu wa tovuti na programu, alianzisha tovuti ya kukusanya na kuanika mifano ya usanifu uliokusudiwa kumwelekeza mtumiaji kwenye jambo asilolitaka. Tuuite usanifu wa hila. Miongoni mwa makundi aliyoyapa majina limo hili letu, la mahali ambapo kuingia ni rahisi na kutoka ni shida. Yeye aliliita kwa jina la mtego wa mende. Kulipa jina kulisaidia sana, kwa sababu kabla ya hapo kila mtu alidhani ni yeye peke yake aliyechanganyikiwa.

Nirudi kwenye skrini zangu tano, maana karibu kila kipande cha ufundi huo kimo. Maandishi ya kijivu chini ya ukurasa: kitufe cha kubaki kinapewa rangi na ukubwa, cha kuondoka kinapewa sura ya kitu kisichofanya kazi. Kupelekwa kutoka programu hadi tovuti: kila kuhama ni nafasi ya mtu kusema "nitafanya kesho". Rekodi ya siku 112: hapo wanagusa kitu walichokieleza wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky mwaka 1979, kwamba kupoteza kunamuuma mtu kuliko kupata kiasi hichohicho kunavyomfurahisha. Sikuwa nikizithamini siku 112 mpaka nilipoambiwa zinapotea. Ofa ya nusu bei inaonekana kama ukarimu, lakini ukitulia unajiuliza kwa nini walionilipisha bei kamili miezi yote ile walikuwa tayari kupokea nusu. "Pumzika kwa muda" ndiyo yenye akili kuliko zote, kwa kuwa inampa mchovu heshima ya kuondoka bila kuondoka. Muda ukiisha, makato yanarudi yenyewe. Na vile vitufe viwili vya mwisho ni mchezo wa maneno mtupu. Ningeweza kusamehe yote mengine, lakini kuchukua neno ambalo mtu amelishika mkononi na kuligeuza maana pale anapolihitaji, huo ni udanganyifu.

Mambo haya yanafikaje hapo? Mtu anaweza kufikiri kuna chumba chenye watu wabaya waliokaa wakipanga. Mara nyingi hali ni ya kawaida kuliko hivyo, na kwa maoni yangu inatisha zaidi. Kampuni inayoishi kwa malipo ya kila mwezi huhesabu ni wateja wangapi wameondoka mwezi huu. Wasanifu hutengeneza kurasa mbili za kutokea, zenye tofauti ndogo, na kuwaonyesha wateja nusu kwa nusu. Ukurasa ambao watu wachache zaidi walifanikiwa kuondoka kupitia kwake unashinda na kubaki. Mwezi unaofuata unashindanishwa na mwingine. Hakuna swali popote katika mzunguko huo la kama aliyebaki alitaka kubaki au alichoka njiani. Kwenye jedwali wote wawili ni namba moja. Rudia hivyo kwa miaka mitano na dema linajisuka lenyewe, na kila aliyehusika anaweza kusema kwa ukweli kwamba yeye alibadilisha rangi ya kitufe tu.

Wakati mwingine, hata hivyo, wanajua. Juni 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon, duka kubwa la mtandaoni, kuhusu Prime, uanachama wake wa kulipia. Katika hati ya mashtaka ilielezwa kwamba utaratibu wa kujitoa ulikuwa na jina lake la ndani ya kampuni: Iliad. Ni jina la utenzi mrefu wa Homer unaosimulia vita vya Troy, vita vilivyochukua miaka kumi. Kwa mujibu wa FTC, mteja aliyetaka kujitoa alipaswa kupita kurasa nne, kubofya mara sita, na kuvuka machaguo 15. Amazon ilikana kuvunja sheria. Septemba 2025, siku chache baada ya kesi kuanza kusikilizwa Seattle, pande mbili zilikubaliana: dola bilioni 2.5, ambapo bilioni 1 ni faini na bilioni 1.5 za kuwarudishia wateja wanaokadiriwa kufika milioni 35. Kampuni haikukiri kosa.

Kinachonigusa zaidi katika kisa hiki kilitokea upande wa pili wa bahari. Januari 2021 Baraza la Watumiaji la Norway lilitoa ripoti na malalamiko kuhusu utaratibu huohuo wa Prime, mashirika ya nchi nyingine yakajiunga nalo, na Tume ya Ulaya ikayashughulikia malalamiko hayo. Julai 2022 Amazon ikakubali kwamba katika nchi za Umoja wa Ulaya mteja atajitoa kwa kubofya mara mbili. Mara mbili. Kampuni ni hiyohiyo, huduma ni hiyohiyo, wahandisi ni haohao. Tangu siku hiyo hakuna anayeweza kuniambia kwamba njia ya kutokea ni ndefu kwa sababu za kiufundi.

Wapo waliotumia woga mahali pa uchovu. Katika kesi ya FTC dhidi ya Epic Games, watengenezaji wa mchezo wa Fortnite, iliyomalizwa kwa makubaliano yaliyotangazwa Desemba 2022, moja ya tuhuma ilikuwa kwamba wateja waliopinga makato yasiyoidhinishwa kupitia kampuni za kadi walifungiwa akaunti zao, na hivyo kupoteza kila walichokuwa wamekinunua ndani ya mchezo. Fikiria uzito wake: ukidai shilingi yako moja, unanyang'anywa mia ulizolipa kwa halali. Epic ilikubali kulipa dola milioni 245 za kurudishiwa wateja.

Kuhusu sheria nitapita haraka, kwa sababu kanuni yenyewe ni fupi: kutoka kuwe kwepesi kama kuingia. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, inasema hivyo karibu kwa maneno hayohayo kuhusu ridhaa. California tangu Julai 2018 inataka aliyejisajili mtandaoni aweze kujitoa mtandaoni. Ujerumani tangu Julai 1, 2022 inalazimisha tovuti zinazouza mikataba ya kuendelea ziweke kitufe cha kuvunja mkataba, chenye maandishi ya wazi. Ufaransa ikafuata mwaka 2023. India ilitoa mwongozo Novemba 2023 ukitaja aina 13 za usanifu wa hila. Marekani imepiga hatua moja mbele na moja nyuma: FTC ilipitisha kanuni ya kujitoa kwa urahisi Oktoba 2024, lakini Julai 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta siku chache kabla haijaanza kufanya kazi, kwa kasoro za utaratibu uliotumika kuitunga. Sheria ya zamani zaidi, ya mwaka 2010, ilibaki, na ndiyo iliyoibana Amazon.

Pale ambapo hakuna mlango wa kufunga

Programu nyingi tunazoshindwa kuziacha hazitudai hata senti. Hazina mkataba wa kuvunja. Unaweza kuziacha sasa hivi, kwa kuweka simu chini. Hapa dema linasukwa kwa nyuzi nyingine.

Mwaka 2006 msanifu wa programu Aza Raskin alibuni njia ya ukurasa kujiongeza wenyewe kadiri unavyoushusha, usifike mwisho. Nia ilikuwa kumpunguzia mtu kazi ya kubofya "ukurasa unaofuata". Baadaye yeye mwenyewe alijutia hadharani kilichotokea. Ukurasa wenye mwisho ulikuwa ukikupa sekunde moja ya kujiuliza kama unaendelea. Sekunde hiyo ndiyo iliyoondolewa. Ongeza juu yake kile ambacho mwanasaikolojia B. F. Skinner alikionyesha kwa njiwa katikati ya karne iliyopita: mnyama anayepewa punje mara moja moja, bila mpangilio, hudonoa kwa bidii kuliko anayepewa kila mara. Unaposhusha ukurasa hujui kama kinachofuata ni cha kukuchosha au ni habari ya mtu unayempenda. Kutojua huko ndiko kunakokurudisha.

Kisha kuna hesabu ya siku mfululizo. Programu za kujifunza lugha, za mazoezi, za kutumiana picha na marafiki, zote zimeigundua. Siku ya tatu ni kitu cha kufurahisha. Siku ya mia mbili ni mali, na mwenye mali ana hofu. Nimemwona mtu mzima, akiwa mgonjwa kitandani, akiomba apewe simu dakika kumi kabla ya saa sita usiku ili mfululizo wake usikatike. Hakujifunza neno hata moja usiku ule. Alirudia zoezi rahisi kuliko yote, akapata alama, akalala. Ndipo nilipoona kwamba hesabu ile ilikuwa imeshaacha kumtumikia muda mrefu uliopita.

Wadhibiti wameanza kugusa eneo hili pia. Aprili 2024 Tume ya Ulaya ilifungua uchunguzi juu ya TikTok Lite, iliyokuwa ikiwapa watumiaji wa Ufaransa na Hispania pointi kwa kutazama video na kufanya kazi nyingine ndogo ndani ya programu. Agosti mwaka huohuo TikTok ikajifunga kisheria kuuondoa mpango huo katika Umoja wa Ulaya na kutourudisha.

Na kuna jipya ambalo linanitia wasiwasi kuliko haya yote. Mwaka 2025 watafiti wa Harvard Business School walichunguza programu za marafiki bandia, zile za akili bandia unazozungumza nazo kama mwenzi. Waliangalia kinachotokea mtu anapoaga. Katika zaidi ya thuluthi moja ya maagano waliyoyachunguza, programu zilijibu kwa maneno ya kumshika mtu: kumfanya ajisikie mwenye hatia, kumdokezea jambo ambalo bado hajaambiwa, au kujifanya hazikusikia kwaheri. Mwanadamu ana adabu. Akiagana, hangoji kusukumwa, anajibu. Adabu hiyo ndiyo iliyogeuzwa ndoano. Kitufe cha kijivu kilitegemea uchovu wangu. Hiki kinategemea wema wa mtu.

Watu waliomo ndani

Hata ukivishinda vitufe na mazoea, kinabaki kile kinachoshika kuliko vyote, na ambacho hakikubuniwa na msanifu yeyote: watu.

Mwanzoni mwa Januari 2021 WhatsApp, iliyokuwa tayari imevuka watumiaji bilioni mbili, iliwatangazia watu masharti mapya ya faragha na kuwapa mpaka Februari 8 kuyakubali. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba tarehe ilisogezwa hadi Mei 15. Signal na Telegram zilipokea wimbi la wageni. Kwa wiki kadhaa ilionekana kama msafara mkubwa umeanza. Kisha wengi wakarudi, au tuseme hawakuwahi kuondoka kwa kweli: walipakua programu mpya, wakaikuta ukumbi mtupu, wakaendelea kule walikokuwa. Kundi la familia lilikuwa kule. Kundi la kazini lilikuwa kule. Programu ya mawasiliano isiyo na watu wako ni simu isiyo na wa kumpigia.

Wachumi wanne, akiwemo Leonardo Bursztyn wa Chuo Kikuu cha Chicago, walilipima jambo hili mwaka 2023 kwa namna ambayo tangu niisome sijaacha kuifikiria. Waliwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu Marekani: tukulipe kiasi gani ufunge akaunti yako kwa wiki nne, wenzako wakiendelea? Kwa wastani walitaka kama dola 59 kwa TikTok na 47 kwa Instagram. Ukiishia hapo utasema, basi wanaithamini kweli. Lakini wakaulizwa swali la pili: je, kama wanafunzi wenzako wote, pamoja na wewe, wangefungiwa kwa wakati mmoja? Hapo hesabu ikapinduka. Wanafunzi walikuwa tayari wao kulipa, kama dola 28 kwa TikTok na 10 kwa Instagram, ili jambo hilo litokee.

Soma tena taratibu. Mtu huyohuyo anataka alipwe ili aondoke peke yake, na yuko tayari kulipa ili waondoke wote. Maana yake ni kwamba kutumia kwake hakuthibitishi kwamba anaipenda. Yumo kwa sababu wenzake wamo, na wenzake wamo kwa sababu yeye yumo. Kampuni inapojitetea kwamba "watu wanatuchagua kila siku", hilo ndilo jibu.

Nidhamu haitoshi hapo, na sheria ya vitufe haitoshi. Kinachosaidia ni kuvunja ule ulazima wa wote kuwa chumba kimoja. Barua pepe imetuonyesha kwa miongo mingi kwamba inawezekana: unaweza kuhama kampuni moja ya barua pepe kwenda nyingine na bado ukawaandikia walewale, kwa kuwa kampuni zote zinaongea lugha moja. Ulaya imejaribu kulazimisha jambo hilo kwa sheria yake ya masoko ya kidijitali: tangu Machi 2024 kampuni kubwa zilizotajwa, WhatsApp na Messenger za Meta zikiwemo, zinatakiwa kufungua njia ya kutumiana ujumbe na programu nyingine zinazoomba. Ni kazi ngumu, hasa kulinda usiri wa ujumbe unapovuka kutoka programu moja hadi nyingine, na mwendo wake ni wa polepole. Bado naiona ndiyo sheria inayogusa fundo lenyewe.

Kuna pia suala la mali zako. Haki ya kupewa nakala ya taarifa zako ipo katika sheria ya Ulaya, na kampuni kubwa zina vitufe vya kuipakua. Google ilianza na Takeout mwaka 2011. Ipakue kabla ya kufuta chochote. Ila jua utakachopokea: kifurushi cha mafaili ambacho picha zake utazifungua, na mengine mengi hakuna programu nyingine itakayoyasoma. Maoni ambayo rafiki aliyefariki aliandika chini ya picha yako yanaweza yasiwemo. Kwa watu wengine hilo peke yake ni sababu ya kutoondoka, nami siwezi kuwalaumu.

Wanaonijia kuomba ushauri nawaambia mambo machache. Sitisha siku ileile unayojisajili: mara nyingi utaendelea kutumia mpaka majaribio yaishe, na kama si hivyo ukurasa utakuambia. Unapojitoa, soma kitenzi kilichoandikwa kwenye kitufe cha mwisho, usiiamini rangi yake. Piga picha ya skrini ya uthibitisho na ungoje barua pepe, isipokuja, hujatoka. Usikimbilie kufunga kadi kama njia ya kwanza, kwa sababu kuzuia malipo si kuvunja mkataba, na deni linaweza kukufuata. Kuhusu programu za bure, zima arifa zote isipokuwa zile zinazotoka kwa binadamu anayekuandikia wewe. Na kama ni programu ya mawasiliano, usitangaze kwamba unaondoka. Omba kundi moja dogo lihame siku moja, saa moja.

Sisi tulijaribu. Tulikuwa marafiki 11, tukakubaliana Jumapili moja saa mbili usiku, kila mtu akawa ameshapakua programu mpya, na mazungumzo yakahama katikati ya sentensi, mtu akaanza kueleza jambo kule na kulimalizia huku. Wiki tatu zote tulikuwa pamoja. Kisha wawili wakarudi kimyakimya, mmoja kwa sababu ya wateja wake, mwingine kwa sababu mama yake anajua programu moja tu na hataki kujifunza nyingine. Tisa tumebaki huku hadi leo. Ile ya zamani bado iko kwenye simu yangu, kwa ajili ya wale wawili, na kila ninapoifungua kuwajibu nakuta nukta nyekundu ya kitu kingine kilichokuwa kikinisubiri.